Bahasha ya Kumi na Saba

Kwako mdogo wangu, Bisibisi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama, wifi na hao watoto wawili ambao kila nikipiga simu wananyang'anyana kuniita shangazi. Mimi mwili ni mzima, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha. Wewe sijui unalalaje siku hizi. Mama ananiambia unakula vizuri, lakini mama alikuwa akisema hivyo juu yetu hata tulipokuwa na surua, kwa hiyo sijamwamini.

Nimeandika kwa mkono, mimi ambaye natafuta riziki kwa kupiga chapa, na nimefanya hivyo makusudi. Vuta kiti ukae. Kama wifi yuko karibu mwombe akuache kidogo, halafu asome baada yako. Sina tena la kumficha mtu.

Nianzie kwenye kazi yangu, kwa sababu sijawahi kukueleza vizuri. Ulikuwa ukinitania kwamba dada ni jasusi, na mimi nacheka na kukujibu kwamba naandika kumbukumbu za vikao. Ni kweli, ndiyo kazi yenyewe. Miaka minne nimekaa kwenye kona ya chumba kimoja ghorofa ya tatu, chumba chenye zulia la kijani lililotoboka mlangoni, nikiandika maneno ya kamati iliyoundwa kuchagua nani ataongoza usalama wa mitandao ya nchi. Nielewe vizuri. Haikuwa kamati ya kulinda kompyuta. Ilikuwa kamati ya kuamua nani awe mkubwa wa hao watakaozilinda.

Wenye sauti humo walikuwa watatu. Brigedia alitoka jeshini, Injinia alitoka wizara ya mawasiliano, na Kamishna alitoka polisi. Brigedia alikuwa akisema kwamba shambulio ni shambulio, liwe la bunduki au la waya, kwa hiyo ni vita na vita vina wenyewe. Injinia alisema kompyuta ni mitambo na mitambo ina mafundi wake. Kamishna alisema mwizi ni mwizi hata akiingilia dirisha la mtandao. Nilipokuwa mgeni nilimsikiliza kila mmoja nikaona ana haki, na kikao kilipokwisha nilikuwa nimewakubali wote watatu. Si watu wabaya, mdogo wangu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Brigedia ndiye aliyemtuma dereva wake aniletee dawa ya kikohozi. Ila kila mmoja aliamini kwa moyo wake wote kwamba akiongoza mwenzake nchi itaungua.

Tuliletewa meza ya duara ili asiwepo wa kukaa kichwani. Wakaanza kugombea kiti kinachotazama mlango. Muswada wa sheria niliuchapa mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja kifungu cha tatu kilisema kwamba taasisi itakayoongoza ni, kisha mstari mzima wa nukta. Nilizipiga zile nukta kwa kidole hiki hiki. Mwaka wa pili nikaacha kuzihesabu.

Na ile simu ya dharura, ile ambayo namba yake ilibandikwa mpaka kwenye ukuta wa chumba chako cha seva hospitalini, nayo ina kisa chake. Iliponunuliwa kila mmoja alijua kwamba mwenye simu ndiye mkubwa. Basi ikawekwa kwenye korido, juu ya stuli, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli tatu, kila ofisi na ufunguo wake, mpaka uamuzi utakapotoka. Mama wa usafi alikuwa akilifuta vumbi sanduku hilo kila asubuhi na kuliita marehemu. Tulicheka. Mimi pia nilicheka, tena sana.

Sasa nifike kwenye lile uliloniuliza. Baada ya kusimamishwa kazi ulinipigia ukaniomba nikutafutie huku kwetu kama kweli barua ya tahadhari iliwahi kutumwa hospitalini kwenu. Nilikujibu kwamba mambo hayo hayapiti mezani kwangu. Nilidanganya. Yalipita mezani kwangu, tena yalilala kabatini kwangu.

Ilikuwa Jumanne. Mchambuzi wetu, yule mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliingia kikaoni bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alieleza kwamba kuna wezi wanaingia kwenye mifumo ya hospitali kupitia programu ile inayotuma majibu ya maabara wodini. Wakishaingia wanafunga kumbukumbu zote za wagonjwa na kudai malipo. Alikuwa na orodha ya hospitali thelathini na moja zinazoitumia programu hiyo. Dawa yake, alisema, ni ndogo: fundi azime kipengele kimoja, abadilishe nywila mbili, atoe nakala ya kumbukumbu na kuiweka kando, nje ya mtandao. Injinia alimwuliza kazi hiyo itachukua muda gani. Mzee akafikiri kidogo na kujibu kwamba kwa fundi anayejua kazi yake ni dakika ishirini.

Hakuna aliyebisha. Kwa dakika tano nzima kamati ilikuwa kitu kimoja. Kisha Kamishna akauliza barua itatoka kwa karatasi yenye kichwa cha ofisi gani, na itasainiwa na nani.

Walibishana mpaka saa kumi jioni. Aliyetuma barua hospitali zote ndiye angeonekana kuwa ameongoza, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Mwishowe waliamua, na niliandika mwenyewe uamuzi huo, kwamba barua iandaliwe kwa vichwa vya ofisi zote tatu na isubiri maelekezo kutoka juu. Nikachapa barua tisini na tatu. Nikazitia kwenye bahasha thelathini na moja, tatu tatu, kila bahasha na namba yake, nikazifungia kabatini. Walitukumbusha pia kiapo chetu, kwamba neno lisitoke nje ya chumba kabla ya maelekezo. Hospitali yenu ilikuwa namba kumi na saba.

Hapa kuna jambo naliruka. Nitalirudia, usidhani nimelisahau.

Maelekezo hayakuja wiki ile. Hayakuja wiki iliyofuata. Mzee wa miwani alipita kila asubuhi kuniuliza, na kila asubuhi nilimwonyesha kabati kwa kidevu. Siku ya kumi na tatu, Jumatatu, kitu kama saa tatu, ile simu ya kwenye korido ikaita. Hatukuwahi kusikia sauti yake. Watu walitoka maofisini wakasimama kuizunguka. Brigedia alileta ufunguo wake, Injinia akaleta wake, na Kamishna alikuwa safarini na ufunguo wake mfukoni. Mtu mmoja akapendekeza sanduku livunjwe. Akaulizwa ni kwa amri ya nani. Simu iliita, ikanyamaza, ikaita tena, mpaka karibu na adhuhuri, na sisi tumesimama pale kama watu waliofika msibani mapema. Baadaye nilisoma kwenye maelezo yako kwamba ulipiga namba ile mara kumi na tisa. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye sanduku, mdogo wangu. Sikujua ni wewe, lakini nilijua ni mtu.

Ya hospitalini unayajua kuliko mimi, nisikuchubue kidonda. Najua ulikaa siku tatu na seva zako bila kurudi nyumbani. Najua na habari ya mwalimu wetu wa hesabu, yule aliyekuwa akituita Jumlisha na Kutoa kwa sababu mimi nilikuwa nakuongezea majibu na wewe unayafuta. Alifikishwa pale Jumatano akiwa hawezi kusema. Faili lake lilikuwa limeandikwa kwa miaka tisa kwamba sindano ya aina fulani haipatani naye, na faili lilikuwa limefungwa pamoja na mengine yote. Muuguzi alimchoma hiyo hiyo, kwa nia njema. Nilikuja mazishini, nikasimama nyuma, na wewe ulikuwa mbele umebeba shada la shule. Ulipogeuka kunitafuta nilijifanya nafunga kiatu.

Kamati ilikutana Ijumaa ile. Nimeandika vikao zaidi ya mia, na hicho ndicho pekee kilichokwisha ndani ya saa moja. Wote watatu walikubaliana, bila hata kura, kwamba tahadhari ilikuwa imetumwa hospitali zote kwa wakati wake, na kwamba uzembe uko kwa waliopokea. Niliagizwa kuziweka kumbukumbu sawa. Ndiyo maneno waliyotumia, kuziweka sawa, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza.

Kuziweka sawa maana yake ni daftari la barua zinazotoka. Kila barua inayotoka kwetu inaandikwa humo: tarehe, namba, inakokwenda, jina la aliyepokea, na saini yake. Mistari thelathini na moja ilitakiwa kujazwa kwa tarehe ya nyuma. Niliambiwa ni kwa ajili ya wakaguzi tu, kwamba lawama ikigawanywa kwa watu thelathini na moja haimdhuru hata mmoja. Nikafunga mlango, nikachukua kalamu nne za rangi tofauti, nikajaza. Hospitali ya kwanza, ya pili, ya tatu, majina ya mafundi nikiyatoa kwenye orodha ya mzee, saini nikizibuni tu, hii imelala, hii imesimama. Nikafika kumi na saba.

Ni mimi. Lile daftari lililokuangushia jumba bovu limeandikwa na mkono huu unaousoma sasa.

Na lile nililoliruka ni hili. Ijumaa ya wiki ile ile ya kwanza, siku tatu baada ya mzee kuleta habari, nilishindwa kuvumilia. Nilishuka mpaka uani, nikasimama kwenye maegesho nyuma ya jenereta, nikakupigia. Hukupokea. Baada ya muda mfupi ulinipigia wewe, ukihema kama mtu aliyepanda ngazi, ukaniuliza dada kulikoni. Maneno yalikuwa mdomoni. Zima kile kipengele, toa nakala, usiniulize nimejuaje. Kisha nikamwona Kamishna anashuka kwenye gari lake, akanipungia mkono. Nikakuambia nimekukumbuka tu, na kwamba mama analalamika bati la jikoni linavuja. Ukacheka, ukasema nimekutisha bure. Tukazungumza habari ya bati. Bati la unene gani, misumari ya aina gani, kama ubao wa zamani utafaa. Simu yangu inahifadhi muda wa mazungumzo, na nimeuangalia mara nyingi kuliko nilivyoangalia picha ya baba. Dakika ishirini na mbili.

Utataka kujua kwa nini. Nimejitafutia sababu nyingi nzuri, kiapo, mkataba wangu unaohuishwa kila mwaka, nidhamu ya kazi. Zote ni maua ya plastiki. Niliogopa, basi. Mimi niliyekuwa nikikupigania kwa watoto wa mtaa wa pili, niliogopa mtu aliyenipungia mkono.

Sasa nikuambie kitu kinachonikosesha amani kuliko vyote. Taarifa ya kamati ya nidhamu ililetwa kwangu niichape. Nilisoma kwamba mwanzoni ulikana kabisa, ukasema hukupokea barua yoyote, ulikuwa mkali na wote walikusikiliza. Ndipo wakakufungulia daftari. Taarifa inasema mtuhumiwa aliliangalia kwa muda mrefu, akaomba maji, kisha akasema hana la kusema zaidi.

Niliacha kuchapa nikainuka. Unakumbuka nani aliyekubunia saini? Ulikuwa unakwenda kujaza fomu ya sekondari, tumekaa sakafuni jikoni, nikakuchorea herufi mbili na ndoano inayorudi chini, tukaijaza karatasi nzima mpaka ukaiweza. Ulipoanza kazi uliifupisha, ukasema ndoano inakuchelewesha, na sasa ni miaka kumi unatia ile fupi kama mkwaruzo wa kuku. Kila karatasi ya hospitali ina mkwaruzo. Lakini mimi nilipofika mstari wa kumi na saba sikubuni chochote. Mkono ulikwenda wenyewe, nikaweka saini ya jikoni, na ndoano yake. Watu wawili tu duniani wanaijua saini ile.

Ungesema tu kwamba hii si saini yangu. Wangeleta karatasi zako za kazi, wangelinganisha, wangekuachia siku ile ile. Halafu wangeuliza ni ya nani. Ukaomba maji.

Wiki moja baada ya wewe kuhojiwa, kabla taarifa haijaletwa kwangu, mama alinipigia akasema umemtuma aniambie kwamba bati la jikoni umemaliza kulipiga na halivuji tena. Nilifurahi kama mjinga. Nilifikiri ni habari ya bati.

Tangu nilipoichapa taarifa ile nimejaribu kusema. Nilikwenda ofisi ya Kamishna, nikaelezwa kwamba suala la barua ni la wizara. Wizarani nikaelezwa kwamba daftari ni mali ya kamati, na kamati ilikuwa chini ya jeshi. Jeshini walinipokea vizuri, nikapewa kiti, nikaambiwa kamati imevunjwa, kwamba itaundwa mamlaka mpya yenye mkuu mmoja, na maelezo yangu yatapokelewa na mkuu huyo akishateuliwa. Niliuliza atateuliwa na nani. Waliniambia ndilo linalojadiliwa. Daftari lenyewe, lilipotoka kwenye kamati ya nidhamu, lilirudishwa kwa ofisi inayohusika, na hakuna ofisi inayokiri kuhusika. Limepotea. Kilichobaki ni taarifa yangu niliyoichapa, na kwenye mstari wa kumi na saba inasema neno moja: imesainiwa.

Mzee wa miwani amestaafu. Nilimfuata kwake, akanisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema ana kiapo na ana mke mgonjwa. Nilimwona wakili pia, kwa ajili ya hii kesi ya uzembe uliyofunguliwa. Aliniambia bila daftari, na kwa maneno ya dada juu ya mdogo wake, mahakama itaona ni huruma ya ndugu. Hakusema kwa ubaya. Aliniuliza kama nina kingine chochote, nikamwonyesha nilichonacho.

Zile bahasha niliamriwa kuzisaga zote. Nilisaga thelathini. Ya kwako ninayo, na nimeiweka humu. Utaikuta na barua zake tatu, vichwa vitatu vizuri vya rangi, maneno yale yale, na mahali pa saini penye nukta. Wakili anasema barua isiyo na saini yeyote anaweza kuichapa. Ni kweli. Isome hata hivyo. Maelekezo ni mazuri, mzee aliyaandika kwa makini.

Tarehe kumi na nne, kesi yako itakaposikilizwa, nitakuja mahakamani. Nitasimama na kusema yote haya, waandike watakavyoandika. Sidhani kama yatakusaidia, na sitakudanganya tena kukupa moyo. Usinizuie tu. Na usinisamehe haraka, tafadhali, maana nakujua, utanisamehe kabla hujafika ukurasa wa pili.

Mwambie mama nitaleta yale mashuka. Habari ya saini usimwambie, niachie mimi. Msalimie sana wifi, mwambie najua kwa nini hapokei simu zangu na ana haki. Watoto wabusu mashavuni kwa niaba yangu, na huyo mdogo asipewe bisibisi.

Aliyeleta barua hii ni mume wa jirani yangu, mtu mwaminifu. Nimempa daftari dogo la shule, nimelichora mistari mwenyewe: tarehe, namba, inakokwenda, aliyepokea, saini. Safu ya mwisho nimeiacha wazi. Safari hii saini mwenyewe, ile fupi.

Ni mimi dada yako.